Mtoto wa miaka miwili na ushee hasemi: je, ni Kiha cha bibi kinachomchanganya?

SWALI

Shikamoo daktari. Naishi Ujiji, Kigoma. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne na maneno anayosema hayafiki ishirini: mama, baba, nyonyo, mazi, hapana, lete, na mengine machache. Hajaweza kuunganisha hata mawili. Mimi nauza dagaa, natoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo anashinda na mama yangu mzazi aliyekuja kutoka Kasulu, naye humwongelesha Kiha tu. Mume wangu, mzaliwa wa hapa Ujiji, anasema Kiha ndicho kinachomchanganya mtoto, na anataka bibi aache au arudi Kasulu. Jirani anasema mtoto ana udata chini ya ulimi, akakatwe. Kliniki niliambiwa nisubiri, watoto wa kiume huchelewa. Mtoto anaelewa kila kitu, hata simu anaifungua mwenyewe. Alipokuwa na miezi kumi alilazwa kwa malaria na degedege, na sikio la kulia limewahi kutoa usaha mara mbili tatu, ila lilikauka lenyewe. Nimsikilize nani?

JIBU

Marahaba mama. Kati ya hao watatu, mume, jirani na aliyekuhudumia kliniki, simwoni wa kumfuata, ingawa wote wanamtakia mtoto mema. Mumeo amekosea kuhusu Kiha, jirani amekosea kuhusu ulimi, na yule wa kliniki amesema jambo lenye ukweli ndani yake lakini akalitumia mahali pasipostahili. Nitafika kwa kila mmoja. Ila mimi nimeanza kusoma barua yako kutoka mwisho, pale ulipotaja sikio na malaria kana kwamba ni mambo ya kupita.

Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Hilo halibishaniwi. Kinachowapotosha wazazi wengi ni kudhani kwamba kuna watoto wa aina mbili tu, kiziwi na anayesikia. Katikati pana kundi kubwa la watoto wanaosikia nusunusu. Mtoto wa kundi hilo hugeuka lori likipiga honi, hushtuka radi ikipiga, hucheza muziki ukifunguliwa, na nyumba nzima huapa kwamba masikio yake ni mazima. Lakini sauti za s, f, k na t ni nyembamba na hazina nguvu, hazimfikii vizuri. Kwake kaa, taa, saa na paa yote yanaweza kusikika kama “aa” tupu. Atayatofautisha vipi mdomoni ikiwa hayajatofautiana masikioni?

Sikio linapotoa usaha, maana yake mara nyingi ni kwamba maambukizi yamekaa nyuma ya ngoma ya sikio mpaka ngoma ikatoboka. Usaha ukiacha kutoka hujawa na hakika ya kupona. Majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, bila maumivu na bila homa, na muda wote huo mtoto anasikia kama mtu aliyejiziba masikio kwa vidole. Tena hali hiyo huja na kuondoka. Wiki hii anaitika, wiki ijayo haitiki, watu wanasema ana kiburi. Ikitokea hivyo mara kwa mara katika mwaka wa kwanza na wa pili, ambao ndio mtoto anakusanya lugha kwa kasi kubwa, haishangazi maneno yakiwa machache.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima usikivu. Kazi hiyo ina haraka kuliko ugomvi wa lugha gani itumike nyumbani, na haiwezi kufanywa kwa kumpigia makofi nyuma ya kisogo. Mtoto mjanja huona kivuli, huhisi upepo wa mikono, au husoma uso wa aliyekaa mbele yake. Hospitalini kuna vipimo visivyohitaji mtoto ajibu chochote. Kimoja ni kifaa kidogo kinachowekwa mlangoni mwa sikio, kinatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Kingine hupima kama ngoma ya sikio inacheza au imekwama kwa majimaji. Kingine hufanywa mtoto akiwa amelala, anabandikwa vinyaya kichwani kuona kama mishipa inapeleka sauti mpaka kwenye ubongo. Hakuna hata kimoja kinachouma.

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Uliza huduma ya masikio, pua na koo. Ukikuta kipimo unachokihitaji hakipo siku hiyo, usirudi nyumbani na jibu la mdomo kwamba “anaonekana anasikia”. Omba barua ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Najua safari hiyo ina gharama na inakuondoa kwenye biashara, na ndiyo maana nakuomba useme waziwazi pale Maweni kwamba mtoto hasemi na ana historia ya usaha. Mama akisema tu “nimeleta mtoto apimwe sikio”, wataangalia nje, wakiona pakavu, wataandika dawa na kumwita anayefuata.

Kama usaha utatoka tena kabla hujafika huko, sokota kipande cha kitambaa safi kinachonyonya, kiweke taratibu mlangoni mwa sikio, kikilowa kitoe uweke kingine mpaka pakauke, kisha mpeleke kituo cha afya apewe matone yanayofaa. Usitie mawese, maziwa ya mama, wala maji ya majani. Vijiti vya pamba viache dukani. Na kwa kuwa mko Ujiji, sikio hilo lisiingie maji ya ziwa mpaka daktari aone ngoma yake iko salama.

Kuhusu malaria na degedege, nina maswali ambayo wewe na bibi mnaweza kuyajibu. Degedege ilikuwa fupi, mtoto akazinduka na kuendelea kama kawaida? Au alipoteza fahamu kwa saa nyingi? Kabla ya kuugua alikuwa ameanza kupayukapayuka, “bababa, dadada”, na baada ya kutoka wodini akanyamaza? Degedege fupi ya homa, yenyewe tu, kwa kawaida haiachi doa kwenye lugha. Malaria iliyopanda kichwani mpaka mtoto akapoteza fahamu ni jambo lingine. Watafiti waliowafuatilia watoto wa aina hiyo huko Kilifi, Kenya, walikuta baadhi yao wamebaki na shida za lugha hata miaka baadaye. Mkoa wa Kigoma nao una malaria nyingi, kwa hiyo swali hili simwachi mama yeyote wa huko bila kumuuliza. Kwenye orodha hiyohiyo ongeza: alilia mara tu alipozaliwa? Alipata manjano kali siku za kwanza? Aliwahi kuugua uti wa mgongo? Alipokuwa mchanga alichomwa sindano za jentamaisini kwa siku nyingi? Dawa hiyo huokoa maisha ya watoto wachanga na sitaki mtu aikatae kwa sababu yangu, lakini kwa baadhi inaweza kugusa sikio la ndani, na daktari wa masikio atataka kujua.

Sasa hilo la “anaelewa kila kitu”. Naliamini nusu, na usinikasirikie. Kufungua simu si kuelewa lugha; mtoto hukariri mahali pa kugusa. Vilevile ukinyoosha mkono mlangoni ukasema “lete ndala za baba”, yeye anafuata mkono. Jaribu hivi jioni moja akiwa ametulia. Kaa, mikono mapajani, macho kwake, usitazame kitu unachokitaja. Sema kwa sauti ya kawaida, “lete ndala za baba.” Akiweza, panda kidogo: “chukua kikombe, mpelekee bibi.” Kisha kitu kisichotarajiwa: “weka kijiko ndani ya ndala.” Mtoto wa umri wake anapaswa kuliweza la kwanza na la pili, na lile la tatu atalifanya huku akicheka au atakutazama kama umepata wazimu, yote mawili ni majibu mazuri. Halafu bibi naye afanye jaribio lake kwa Kiha, siku nyingine, wewe ukiwa umenyamaza.

Nakutaka ufanye hivyo kwa sababu kwangu uelewa una uzito kuliko hesabu ya maneno. Mtoto anayeelewa vizuri, anayeonyesha kidole anachotaka, anayekuvuta nguo ukaone mbuzi aliyepita, ila maneno ya mdomoni ni machache, huyo ana nafasi nzuri ya kuwafikia wenzake. Mtoto ambaye hata kuelewa kumemshinda, ishara hana, na kwenye ukoo kuna waliochelewa sana au walioshindwa kusoma, huyo simsubirishi hata wiki.

Tukija kwenye hesabu yenyewe. Majedwali ya ukuaji mnayotumiana kwenye simu yalitengenezwa zaidi kwa watoto wa Ulaya na Marekani, nayo hayakubaliani. Muda mrefu yalisema mtoto wa miaka 2 awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuunganisha mawili. Mwaka 2022 Marekani waliyapitia upya ya kwao wakasogeza maneno 50 mpaka miezi 30, lakini kuunganisha maneno mawili wakakubakiza kwenye miaka 2. Kwa jedwali lolote kati ya hayo, mwanao wa miezi 28 asiyefikisha maneno 20 na asiyeunganisha, amechelewa. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema ili mtu akikwambia “bado mapema” uwe na la kujibu.

Hata hivyo hesabu yako naishuku, maana wazazi wengi huhesabu maneno yaliyotamkwa sawasawa tu. Neno ni sauti yoyote ambayo mtoto huitumia kila mara kwa maana ileile. Akisema “gaa” kila akiona dagaa, hilo ni neno. “Mee” kwa mbuzi ni neno. R kuwa l, au silabi ya mwanzo kuanguka, katika umri huu si kasoro. Kiswahili nacho kina ya kwake. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima: “sitaki” ni mtu, ni kukataa, ni kutaka, vyote kwa mpigo. Watafiti waliofuatilia watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili waliona wadogo hao wakiangusha viambishi vya mbele na kubaki na mzizi, “taka” badala ya “anataka”. Kwa hiyo mwanao akisema “taka mazi”, hapo tayari ameunganisha, usingoje aseme “nataka maji” ndipo ushangilie.

Tafuta daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja Kiswahili, mwingine Kiha. Kwa wiki moja andikeni kila neno analosema, wewe jioni, bibi akukumbushe ya mchana. Bibi hajui kusoma? Si tatizo, aseme wewe uandike. Huko Kilifi, orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama zilitengenezwa makusudi ziulizwe kwa mdomo, na akina mama wasiojua kusoma walitoa habari za kuaminika kabisa. Mwisho wa wiki jumlisha pande zote mbili. Umeandika kwamba anasema “mazi”. Sikiliza vizuri: huenda hashindwi na “maji” ya Kiswahili, huenda anasema amazi ya bibi yake. Unaona jinsi mtoto anavyoweza kupunguziwa alama na mzazi aliyekuwa akisikilizia lugha moja tu.

Hapo ndipo nafika kwa mumeo.

Kulea mtoto kwa lugha mbili hakusababishi kuchelewa kusema. Limechunguzwa sana, katika nchi nyingi na lugha nyingi, na jibu halibadiliki. Watoto wa lugha mbili huanza kusema katika umri uleule kama wenzao. Tofauti ni kwamba maneno yao yamegawanyika, mengine huku, mengine kule, ukihesabu upande mmoja wanaonekana masikini. Kuchanganya, “bibi lete amata”, yaani maziwa, si dalili ya kuvurugika. Ndivyo wanavyofanya, kama tunavyofanya sisi wakubwa barazani. Na watoto wenye shida halisi ya lugha hawaongezewi shida hiyo na lugha ya pili. Mwambie mumeo aangalie mtaani kwenu. Ujiji pana Wamanyema, Waha, Wabembe, Warundi, na wote watoto wao wanapiga kelele kwa Kiswahili wakicheza mpira. Kama lugha mbili zingechelewesha, Kigoma nzima ingekuwa bubu.

Lakini nina sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Anayeshinda na mtoto mchana kutwa ni bibi. Ukimkataza Kiha, hatageuka kuwa mzungumzaji wa Kiswahili cha Ujiji kwa sababu baba ameamuru. Atabaki na yale machache anayoyajua: njoo, kaa, acha, kula. Hadithi hatasimulia, utani hataufanya, hatamweleza mtoto kwa nini jogoo anamfukuza mwenzake wala ugali wa muhogo unasongwaje. Mtoto atakuwa ametoka kwenye lugha moja iliyojaa mpaka kwenye lugha nyingine iliyobaki mifupa. Na akirudishwa Kasulu? Atakayeshinda na mtoto atakuwa nani? Mara nyingi jibu ni dada wa kazi wa miaka kumi na sita na televisheni. Baba naye, kwa kuwa anakipenda Kiswahili, ana kazi nzuri ya kufanya: amwongeleshe mtoto yeye mwenyewe. Dakika ishirini kila jioni, simu ikiwa mfukoni. Nimeona akina baba wengi wenye msimamo mkali kuhusu lugha ya nyumbani ambao wao wenyewe huzungumza na mtoto maneno yanayohesabika.

Udata nitaupitia haraka. Kile kiutando cha chini ya ulimi kikiwa kifupi sana kinaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, na kwa baadhi kikagusa utamkaji wa sauti kama l na r. Hakimzuii mtoto kujua maneno, wala kuyasema hata kama ni kwa matamshi mabaya, wala kuelewa. Mtoto mwenye udata angesema maneno mengi yasiyonyooka. Wako hasemi mengi. Mwambie alambe asali juu ya mdomo wa chini, ulimi ukivuka midomo bila shida, usiwaze tena. Kukatwa mtaani kwa wembe kunaleta damu nyingi na maambukizi, na kimya kitabaki palepale. Vivyo hivyo kukata kimeo. Sina subira na jambo hili na nadhani inaonekana.

Kwamba watoto wa kiume huchelewa: ni kweli, kwa wastani wako nyuma ya wasichana kidogo, na miongoni mwa wanaochelewa sana wavulana ni wengi zaidi. Ni kweli pia kwamba watoto wengi wanaochelewa wakiwa na miaka 2 huwa wamewafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Ila tofauti ya mvulana na msichana ni ya wiki au miezi michache, haifikii mwaka. Na wapo wasiofikia. Tafiti za Uingereza zinaonyesha karibu watoto 7 kati ya 100 wanaanza shule wakiwa na ugumu wa kudumu wa lugha, bila sababu inayoonekana: wanasikia, akili ziko sawa, wazazi wanaongea nao. Ukiwa na mtoto wa miaka 2 mkononi huwezi kujua kwa kumtazama kama ni wa kundi la kwanza au la pili. Subira huvuta heri katika mambo mengi. Kwa mtoto asiyesema ambaye sikio lake limetoa usaha mara mbili tatu, subiri huku unapima.

Kuna jambo hukuliuliza lakini akina mama wengi huwa nalo moyoni: usonji. Katika barua yako sioni linalonielekeza huko moja kwa moja, lakini mwangalie. Akiitwa jina hugeuka, mara nyingi, siyo mara moja moja? Hukutazama usoni akitaka kitu? Hunyoosha kidole ili tu uone alichokiona yeye, bila kutaka apewe? Hujifanya anapika, anapiga simu kwa ndala? Majibu yakiwa ndiyo, vizuri. Yakiwa hapana kwa mengi, liseme hospitalini bila aibu. Na endapo mtoto alikuwa na maneno au michezo kisha vikapotea, katika umri wowote, hilo halisubiri siku ya kliniki.

Simu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka 2 linasema isizidi saa moja kwa siku, na kidogo zaidi ni bora. Sidhani simu ndiyo iliyomnyamazisha mwanao. Shida yake ni kwamba muda wa simu hakuna anayemjibu. Katuni haingoji aseme.

Na kungoja ndiyo dawa yenyewe ya nyumbani, kwa kiasi kikubwa. Watu wakiona mtoto hasemi hugeuka walimu: “Sema maji! Sema! Husemi, hupewi.” Mtoto anabanwa, anafunga mdomo zaidi, kikombe kinakuwa mtihani. Acheni kumwamuru aseme. Badala yake zungumza kile anachokishika yeye. Jioni ukichambua dagaa yeye akachovya mkono, usimfukuze. Sema, “dagaa. Dagaa wadogo. Umeshika dagaa,” kwa sentensi fupi, kisha nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi moyoni ukimtazama. Utaona hizo ni sekunde ndefu sana kwa mama aliyechoka, lakini mtoto mzito wa lugha anazihitaji ili apange jibu, na jibu likiwa macho tu au “gaa”, lipokee. Akisema “gaa”, mrudishie na uongeze kidogo tu: “eeh, dagaa nyingi.” Akisema “baba”, wewe sema “baba kaenda.” Usimsahihishe kwa kumwambia si hivyo. Mpe lile sahihi, uendelee.

Muundie nafasi za kuhitaji kusema. Mpe chai kikombe kikiwa na funda moja, ungoje. Weka embe anapoliona asipolifikia. Mkiimba wimbo anaoupenda, katisha kabla ya neno la mwisho umtazame. Siku ya tatu au ya nne watoto wengi hulimalizia, japo kwa mlio. Bibi afanye hayohayo kwa Kiha chake: wakiwapa kuku punje, wakianua nguo, wakisalimiana na wapita njia. Salamu ni hazina kubwa hapo kwenu kwa sababu hujirudia kutwa nzima kwa sauti ileile. Akisikia “mwidiwe” mara thelathini kwa siku, ipo siku ataitikia. Usitenge saa ya masomo. Wewe mwenye kutoka alfajiri huna saa hiyo, na haihitajiki. Kuoga, kula na kulala vinatosha, vikifanywa kwa maneno.

Fanyeni hivyo kuanzia leo, kabla ya vipimo, maana havigombani. Lakini msivifanye viwe badala ya vipimo.

Vipimo vikionyesha majimaji au tundu kwenye ngoma, vinatibika, na mara nyingi maneno huanza kufuata baada ya usikivu kurudi. Ikionekana usikivu wake umepungua kwa kudumu, atahitaji vifaa vya kusikilizia mapema, na kwa wachache ambao vifaa hivyo havisaidii, Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya sikio la ndani tangu 2017. Na kama hasikii kabisa, lugha ya alama isiachwe iwe njia ya mwisho baada ya nyingine zote kushindwa. Mtoto kiziwi anayepewa alama mapema anapata lugha kamili katika umri wake. Tabora, ambako treni yenu inapita, kuna shule ya viziwi tangu 1963, ya kwanza kabisa nchini. Hayo ni mbali na nilipo mimi sasa nikisoma barua yako, ila nimeyataja kwa sababu hofu ya kuambiwa “hasikii” ndiyo inayowafanya wazazi wengine wakwepe kupima.

Vipimo vikiwa safi, na baada ya miezi mitatu ya kazi ya nyumbani daftari halijaongezeka au bado haunganishi, rudi hospitalini uombe rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache mno nchini, wengi wako miji mikubwa, kwa hiyo usingoje mpaka mwaka wa kuandikishwa darasa la awali ndipo uanze kumtafuta.

Siku ya kwenda Maweni beba kadi ya kliniki, karatasi za kulazwa kama bado unazo, na lile daftari. Angalia kwenye kadi kama sindano ya surua na rubela ya miezi 9 na ile ya 18 zote zimeandikwa. Kama ya pili aliruka, waambie, atapewa. Na uende na mama yako. Daktari atauliza mtoto huitikaje akiitwa kutoka chumba kingine, hulala ubavu sikio lipi likiwa chini, huomba maji namna gani mchana ukiwa sokoni, na wa kujibu hayo ni yeye. Kiswahili chake kikikwama, utamfasiria.